Majina Meupe ya Mama Zilpah

Mtengeneza majeneza ana adabu zake, na asiye nazo, njaa itamfundisha. Akienda kumwona mgonjwa ataulizia mvua na ng'ombe, kisha ataaga mapema. Mtu akikohoa kanisani, yeye hageuzi shingo. Akikutana na mzee anayetembelea mkongojo, macho yake atayaweka kwenye uso wa mzee, si mabegani wala miguuni, ili asije akaonekana anapima.

Zilpah alizijua adabu hizi kama alivyoijua Baba Yetu. Mumewe alipolala mauti, alimwachia karakana pale Kakamega, kwenye barabara inayoteremka kwenda mochari, na mafundi wawili. Majeneza yake yalikaa ndani, nyuma ya pazia, si barabarani kama viazi. Familia za Lurambi, Bukura na Shinyalu zilimletea misiba yao kwa sababu moja tu: hakuna aliyewahi kumwona Zilpah akingoja mtu afe. Siku watakayomwona akingoja, karakana itafungwa, hata kama mbao zake ni za hekalu la Sulemani.

Basi wakaja vijana wa geti la mochari. Hao walipanga majeneza nje, wakayapaka rangi za peremende, na mfiwa akitoka tu mlangoni huku machozi hayajakauka, mmoja anamshika mkono wa shati huyu, mwingine anamshika ule. "Mama, kuja hapa, bei ya leo!" Zilpah aliwadharau kwa moyo wake wote, na kwa kuwa alikuwa mtu wa sala, aliwadharau kimyakimya. Lakini dharau haipiki ugali. Wateja walizidi kupungua, na fundi wake mkuu, Protus, alianza kunoa randa ambayo haikuwa imechakaa.

Hapo ndipo alipoingia Cleophas, mtoto wa kaka yake.

Cleophas alirudi kutoka Nairobi mwaka wa tisini na tisa akiwa na tai, kompyuta na mdomo. Kati ya hivyo vitatu, mdomo ndio uliokuwa mali yake kabisa. Tai na kompyuta vilikuwa na wenyewe. Alikodi chumba juu ya duka la mbegu, akaunganisha ile kompyuta na waya wa simu, na waya ukalia kama paka aliyekanyagwa. Huo mlio, alisema, ndio intaneti inaingia. Mtu akipiga simu kutoka dukani kuulizia mbolea, intaneti inatoka. Kutwa nzima ilikuwa inaingia na kutoka kama kuku jikoni, na Cleophas akiwaambia wafanyabiashara wa mji kwamba dunia yote iko humo ndani ikiwatafuta.

"Senje," alimwambia shangazi yake Zilpah, "biashara isiyoonekana kwa intaneti imekufa."

"Yangu ni ya wafu," Zilpah akajibu. "Imefika kwao."

"Unacheka. Watoto wa hapa wamejaa Marekani, wamejaa Uingereza. Mzee akilala huku, pesa ya mazishi inatokanga wapi? Huko. Sasa huyo mtoto akikaa kwa kompyuta atafute nani atamtengenezea babake jeneza ya maana, atapata nani? Hao wa kushika watu shati?"

Hapo akawa amempata. Zilpah alipiga hesabu za moyoni. Kwenye intaneti hakuna kushika shati. Hakuna kupaza sauti. Mwenye msiba anakuja mwenyewe, kwa shida yake, kwa miguu yake, ingawa miguu yenyewe ni ya kompyuta. Ilikuwa safi. Ilikuwa karibu sawa na pazia lake. Akaliombea jambo hilo, kwa namna ile watu huliombea jambo walilokwisha kulikubali, na Bwana asipojibu wao husema amenyamaza kwa ridhaa.

Cleophas akatengeneza ukurasa. Ulikuwa na njiwa anayeruka pasipo kufika popote, na jeneza la mvule lililong'aa hata ukatamani kuliweka sebuleni. Zilpah akaitwa aje aone. Alikaa kwenye kiti, akashika mkoba wake magotini kama aliye kwa daktari. Cleophas akaandika maneno kwenye ile mashine ya kutafutia. Wakangoja. Simu ikalia chini dukani, wakaanza upya. Mwishowe mashine ikaleta duka la majeneza la Uingereza, kisha kitabu cha mizimu, kisha Mzungu mmoja aliyepiga picha vipepeo wa msitu wa Kakamega.

"Mimi niko wapi?" Zilpah akauliza.

"Upo, Senje. Ila uko nyuma."

"Nyuma ya nani?"

"Ya wengi. Elfu na elfu."

"Na hao wote wanatengeneza majeneza?"

"Hapana. Wengine ni vipepeo."

"Cleophas, mimi sikujengewa ukurasa nikae nyuma ya vipepeo."

Kijana akalegeza tai. Akaeleza kwamba mashine haina macho ya kuona uzuri wa mvule. Inasoma maneno tu. Na mtoto wa Kakamega aliyeko ng'ambo haandikangi neno jeneza. "Ameshinda akila mkate wiki nzima, Senje. Nje ni theluji. Anakumbuka obusuma, ugali wa kwao. Anafanya nini? Anaandika jina la kijiji chake. Anaandika jina la babake, aone kama dunia inamjua. Tukiweka majina hayo kwa ukurasa wako, mashine itamleta mpaka kwako. Siku ile shida ikifika, atakumbuka alikuona."

"Niandike majina ya watu wazima, walio hai, kwenye ukurasa wa majeneza?"

"Nani atayaona? Tunageuza ukurasa kuwa mweupe, na majina tunayaandika meupe. Jicho halioni. Mashine inaona. Huko Nairobi kila mtu anafanyanga hivyo."

Zilpah alipaswa kukumbuka wakati huo kwamba yuko Mwingine huko juu asomaye maandishi meupe. Lakini alikuwa amekwisha kukaa nyuma ya vipepeo, na jambo hilo lilimchoma kuliko lilivyostahili.

"Nitajie wazee ambao watoto wao wako nje," Cleophas akasema, vidole tayari.

Alianza polepole, kama mtu anayetoa sadaka huku akiangalia jirani anatoa nini. Kisha yakaja yenyewe. Mwalimu Hezekiah Lumbasi wa Lurambi, aliyestaafu. Mwanawe yuko Marekani. Mvule huyo, na mbao pana, mabega yake makubwa. Mama Teresa wa ndizi. Binti yake ni nesi Uingereza. Huyo mdogo, saiprasi itamtosha, ila nesi atataka vishikio vya shaba. Kila jina lilikuja na mbao zake. Alipofika kwa mzee mmoja wa Bukura na kujikuta anamkunja magoti kidogo ili aenee, akashtuka, akaushika mkoba wake.

"Endelea, Senje. Mashine inapendanga mengi."

"Yametosha," Zilpah akasema, akainuka. Usiku huo hakumaliza chakula chake, lakini pia hakurudi kuyafuta.

Zikapita wiki kadhaa za amani, ile amani ya ng'ombe kabla ya kutumbukizwa kwenye dipu. Ndipo asubuhi moja kilio kikapita barabarani. Kilikuwa kilio cha binti wa nyumbani, kile kinachoanzia mbali, kwenye lami, kabla boma halijaonekana, ili kila jirani ajue nani amefika na amefiwa na nani. Baba, baba, umeniachia nani. Protus alitoka nje akarudi.

"Ni Navalayo, binti wa Mwalimu," akasema. "Ametoka Nairobi. Mwalimu Hezekiah ametuacha."

Jumapili tu Mwalimu alikuwa amesoma somo la pili kanisani, tena kwa sauti ya kuamsha waliosinzia. Hakugusa ubao, hakumwambia Protus aguse. Alifunga leso, akachukua majani ya chai na sukari, akawafuata kina mama wa kanisa wakiongozwa na Jescah, mwenyekiti wao, mwanamke ambaye hakuwahi kuchelewa kufika msibani wala kuwahi kufika shambani.

Boma la Mwalimu lilikuwa limejaa. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na jambo hilo liliwathibitishia wote kwamba mwili uko mochari. Mke wa Mwalimu, Mama Kageha, alikuwa Butere kwa dada yake. Mtu alikwisha kutumwa kumleta, tena kwa upole. Viti vilikuwa vinashushwa. Vijana walikwisha kuangusha mti wa kuni, mgrevilea mzuri ulionyooka pale mpakani. Navalayo aligaagaa mchangani na wanawake watatu wakagaagaa naye kumsaidia. Hakuna aliyeuliza Mwalimu amekufa na ugonjwa gani. Msibani kuuliza sana ni kama kukataa kulia.

Mwalimu Hezekiah alitokea njia ya nyuma, akitoka kupeleka maziwa, mkebe mtupu mkononi.

Aliona moshi. Aliona umati, akamwona binti yake mchangani. Akamkumbuka mkewe aliyeko Butere. Mkebe ukaanguka. "Kageha!" akapiga kelele, "Kageha wangu, hata hukuniaga!" na akaanza kulia, mzee wa watu, mikono kichwani. Umati ukamfungulia njia kwa huruma. Wazee wawili wakamshika kwapani. "Jikaze, Mwalimu," wakamwambia, "jikaze, kazi ya Mungu haina makosa." Wakamkalisha kwenye kiti. Jescah akamletea chai, akamshikisha kikombe, akamwangalia usoni, akakirudisha kikombe.

"Mwalimu," akasema, "kwani si wewe ndiye umekufa?"

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Tunakulilia wewe."

Mwalimu alijifuta machozi kwa mkono wa koti. "Nani amesema?"

Watu wakaangaliana. Kila mmoja alikuwa amesikia kwa mwenzake. Mzee mmoja aliyekuwa amemshika kwapa akamwachia ghafla, akapangusa mkono kwenye suruali. Navalayo aliinua kichwa, akamwona baba yake, akapiga yowe kubwa kuliko yote aliyopiga tangu lami.

Alipoweza kusema, alisema. Kaka yake Mark, aliye Marekani, aliketi kwenye kompyuta ya chuo akaandika jina la baba, kwa kumkumbuka tu. Mashine ikamletea jina kwa maandishi meusi, herufi kwa herufi, Mwalimu Hezekiah Lumbasi wa Lurambi, na kichwa cha habari kikasema Majeneza ya Zilpah, Kakamega, tunahudumia kwa heshima. "Alinipigia analia mpaka akashindwa kuongea. Tukapiga simu hapa nyumbani, haiingii!"

"Waya iliibwa tangu Krismasi," Mwalimu akasema.

Umati wote ukageuka. Zilpah alikuwa amesimama na majani ya chai mkononi kama mtu aliyeshikwa na kuku wa wenyewe.

"Mama Zilpah," Jescah akasema, na sauti yake ilikuwa tamu, "umeanza kutuandika mapema?"

Angeweza kusema ni kijana. Angesema ni mashine, na nusu ya boma ingeamini, maana hakuna aliyeijua mashine ila kwa kuiogopa. Alifungua mdomo aseme hivyo. Kisha akamwangalia Mwalimu, aliyekuwa bado na machozi ya mkewe kidevuni.

"Jina lako nililitaja mimi," akasema. "Kwa mdomo wangu. Kijana aliandika tu."

Kelele iliyofuata usiulize. Mchawi alitajwa. Yuda alitajwa. Kisha wazee wakaanza kubishana: huyu akisema aliyeliliwa akiwa hai asiingie ndani mpaka kondoo achinjwe, huyu akisema jogoo anatosha, mwingine akisema babake aliona kisa kama hiki na ikatakiwa pombe, na hapo wengi wakaungana naye. Mchungaji akasema sala peke yake inatosha, na hakuna aliyemsikiliza.

Mwalimu alingoja wachoke. "Na mgrevilea wangu," akauliza, "ni nani ameukata?" Vijana wakajificha nyuma ya wazee. Akamgeukia Zilpah. "Ni mimi peke yangu uliyenitaja?"

"Si wewe peke yako."

"Wataje wengine, wajue."

"Hapa sitaji," Zilpah akasema. "Nilitaja vibaya mara moja. Nitakwenda kwa kila mmoja mlangoni pake."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Cleophas. Kijana alikuwa amekwisha kusikia, na alimpokea kwa mikono miwili.

"Senje! Umeona? Inafanya kazi! Kutoka Marekani mpaka kwako bila kupotea!"

"Toa."

"Lakini Senje, hii ndiyo ushuhuda—"

"Cleophas, nilikubeba mgongoni ukinikojolea. Toa majina ya watu."

Akayatoa, Zilpah akiwa amesimama nyuma yake, ingawa kilichofutwa hakikuonekana kwa kuwa hata kilipokuwapo hakikuonekana. Kijana akaongeza, kwa sauti ndogo, kwamba mashine kubwa ya huko mbali itaendelea kuyakumbuka kwa muda, haisahaungi haraka. Zilpah akamwambia hilo wanafanana, yeye pia hatasahau.

Alipofungua mlango atoke, alikuta ngazi imejaa watu. Mwenye bucha alikuwapo. Mshona nguo alikuwapo. Mpiga picha wa karibu na soko, aliyemwita mchawi saa chache zilizopita kwa sauti ya kupasua, alikuwapo, amechana nywele. Wote walikuwa wamesikia kwamba mtu aliandikwa Kakamega akaonekana Marekani, na kila mmoja alikuja kuulizia.

"Mama," mwenye bucha akamnong'oneza, haya kidogo usoni, "sasa mimi wataniwekea majina ya nani?"

"Ya ng'ombe," Zilpah akasema, akashuka.

Alizunguka nyumba za watu mpaka viatu vikaisha visigino. Mama Teresa wa ndizi alimsikiliza hadi mwisho, akatema mate pembeni, akafunga mlango. Mzee wa Bukura alimfungulia mbwa, kisha akamwita mbwa arudi, kisha akamfungulia tena. Mmoja alicheka hadi akakohoa, na Zilpah, kwa mazoea, akajifanya hakusikia. Hakujitetea popote. Lakini barabarani wafiwa walianza kuvuka upande wa pili walipokaribia karakana yake. Aliwaona, watu aliowajua kwa majina, wakishikwa mashati na vijana wa geti na kukubali kushikwa. Fundi wa pili akaondoka akatafute kazi Mumias. Protus alibaki, akipiga randa ubao mmoja tangu Jumatatu hadi ukapitisha mwanga.

Ndipo akaja Mzee Mathew.

Huyu alikuwa karani mstaafu, mtu wa kofia na koti hata jua likiwa kali, mwenye watoto watatu ng'ambo na maneno juu yao yasiyoisha. Alikuja asubuhi wakati barabara imejaa watu wa mochari, akasimama katikati ya mlango, akapiga chini kwa fimbo yake.

"Zilpah! Nasikia ulimtaja Hezekiah."

"Nilimtaja, Mzee. Nimeomba msamaha."

"Ukamtaja na Teresa. Muuza ndizi!"

"Naye nilimwomba."

"Na mimi je?" Sauti ikapanda. "Mimi ulinionaje? Watoto watatu! Mmoja Ujerumani! Hezekiah ana mmoja tu huko nje, tena hajamaliza chuo. Uliona mimi nitazikwa kwa mkeka?"

Watu wakaanza kusimama. Zilpah alitafuta dalili ya mzaha usoni mwa mzee, hakuona.

"Sikukutaja, Mzee wangu. Ungeshukuru."

"Nishukuru nini! Kijiji kizima kinaulizana kwa nini sikutajwa." Akavua kofia. Akavua koti, akaliweka juu ya benchi ya fundi, akanyoosha mikono kama mtoto anayeshonewa sare. "Pima. Mvule. Vishikio vya shaba kama vya watu wa maana. Nalipa yote leo, na watu hawa washuhudie."

Protus, mtoto wa watu, alikuwa hajaona mteja siku nyingi. Mkono ulikuwa umekwisha kutoa tepu mfukoni kabla kichwa hakijafikiri. Zilpah aliiona ile tepu. Aliona pia sufuria yake, na karo ya mjukuu, na kodi ya karakana.

"Protus, rudisha."

"Unakataa pesa?" Mzee Mathew akasema.

"Nakataa kukungoja. Vaa koti, kuna upepo. Siku yako ikifika, wanao watakuja hapa na nitawapokea vizuri. Leo una pumzi nyingi, nenda ukawachoshe nayo watu wa nyumbani kwako."

"Nitakwenda kwa wale wa geti!"

"Nenda. Wao watakupima hata ukiwa unacheza ngoma."

Kicheko kilianzia kwa mwanamke mmoja mwenye kikapu, kikaenea mpaka upande wa pili wa barabara. Pale ng'ambo ya barabara, chini ya bango la mbegu za mahindi, kilisimama kikundi kutoka Shinyalu, wametoka mochari wakati huohuo, mama mjane kati yao na leso imefungwa kiunoni. Kijana wa geti alikuwa amemshika mkono wa shati mwana wao mkubwa. Wao hawakucheka. Walikuwa wanamtazama Zilpah.

Zilpah hakuwapungia mkono wala hakusogea mlangoni. Alimwambia Protus afagie maranda. Alisikia nyayo zikivuka lami, zikasimama, zikaja tena.

"Hodi, mama," sauti ya kijana ikasema. "Tumefiwa na baba."

"Poleni sana. Ingieni mkae, mmetembea."

Hakuuliza urefu, hakuuliza mbao. Aliweka chai motoni, na wakati maji yanachemka, mjane akaanza mwenyewe kumweleza mumewe alikuwa mtu wa namna gani. Nje, Mzee Mathew alikuwa anafunga vifungo vya koti, huku akimwuliza mwanamke mwenye kikapu njia ya kwenda kwa yule kijana wa kompyuta.